Nilivyochomoa kibomba cha ndani cha sailensa ya AG100 bila kuikata

Fundi wa tatu naye alipoitazama sailensa ya pikipiki yangu iliyoziba akaniambia, "Kaka, hii dawa yake grenda tu," nilibeba sailensa yangu begani nikarudi nayo nyumbani. Nilikuwa nimechoka kusikia neno grenda, ile mashine ya kukatia chuma. Bati la sailensa ya zamani ni jembamba, kutu imeshalila kwa ndani, na ukilikata ukalichomelea, mshono wake hauvumilii njia za huku kwetu Soni. Nimeona za wenzangu zikining'inia kwa waya wa kufungia nondo. Pikipiki hii niliachiwa na mjomba wangu, ndiyo iliyosomesha watoto wake, na sikuwa tayari kuifanyia hivyo.

AG100 ni zile Yamaha za mabwana shamba: stendi pande zote mbili, mnyororo umefunikwa kote, keria kubwa. Injini yake ni ya mipigo miwili, inaunguza oili pamoja na petroli. Nyuma ya sailensa, ndani ya mkia, mna kibomba chenye matundu cha kupunguza kelele, nacho kinashikwa na bolti moja ndogo. Oili isiyoungua yote huishia hapo. Inaganda kama lami, halafu inakauka kuwa masizi magumu. Mjomba miaka yake ya mwisho alikuwa akijaza SAE 40, oili ya injini za magari, mahali pa 2T, oili ya injini za mipigo miwili, kwa sababu ndiyo aliyoipata karibu, na hilo ndilo lililoziba kila kitu. Pikipiki iliyokuwa ikipanda kutoka Mombo na magunia mawili ya viazi ikafika mahali pa kuhema kwa gia ya kwanza mimi nikiwa peke yangu. Nilishamaliza kabureta, nikabadilisha plagi, nikafua chujio la hewa. Siku moja nikaweka kiganja nyuma ya sailensa injini ikiwa inaunguruma: pumzi iliyokuwa inatoka ilikuwa kama ya mtu aliyelala. Anzeni hapo, jamani, kabla hamjatoa hela ya kabureta.

Kibomba kinatakiwa kitoke kwa kufungua bolti na kuvuta. Bolti ilikatika kichwa, nikaimaliza kwa drili. Kibomba chenyewe hakikutikisika. Nilikikamata kwa praizi, mdomo wake ukachanika kipande cha ukubwa wa ukucha. Nikaziba mbele ya sailensa kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa nailoni, nikaisimamisha mkia juu, nikamimina dizeli, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi dizeli ilitoka nyeusi, nikafurahi. Lakini ilikuwa imelainisha ngozi ya juu tu.

Ndipo nikafuata ushauri ulionipotezea siku nzima. Niliambiwa, na si mtu mmoja: ipashe moto mpaka iwe nyekundu, halafu mwagia maji ya baridi, itaachia yenyewe. Kwanza niliimwaga dizeli yote na kuianika juani kutwa, na wewe ukitaka kukaribia moto usiruke hatua hiyo, kwa sababu hata baada ya kuianika ilitoa moshi mweupe wa kuchoma macho. Nikaipasha mkaani mpaka mkia ukaiva. Nikamwaga ndoo ya maji. Ikalia "shaaa", mvuke ukapanda, watoto wa jirani wakakimbia. Nikasubiri ipoe, nikavuta. Nikavuta tena nikiwa nimeikanyaga kwa mguu. Nakuapia, ilikuwa imekaza kuliko jana yake.

Usiku nilikaa nikiwaza kwa nini. Nikamkumbuka mzee mmoja mfua chuma anavyovalisha pete kwenye mpini wa panga. Anaipasha pete, inatanuka, anaivalisha, anaimwagia maji, inanywea na kuubana mpini. Basi mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo! Bati la nje ndilo lililopokea maji kwanza, likanywea, likakibana kibomba ambacho bado kilikuwa cha moto. Na ile lami ya oili ikipata joto inalainika, ikipoa inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo kitu hiki hakipoozwi. Kinatolewa kikiwa bado cha moto, na joto lote lielekezwe bati la nje.

Lakini utakivutaje kitu cha moto kwa mikono? Hapa ndipo ninapojivunia. Nilishawahi kuona mafundi wa magari wakichomoa ekseli ya nyuma ya Hilux iliyogoma. Wanaligeuza drami la breki, wanalirudisha kwenye ekseli, wanafunga nati nchani tu ili drami libaki na nafasi ya kucheza, halafu wanalivuta kwa kishindo kuelekea nje. Drami likigonga nati, ekseli inasogea. Mikono haivuti ekseli, inavuta uzito, na uzito ndio unaofanya kazi. Nikajisemea, kinachotoa ekseli ya Hilux hakiwezi kushindwa na kibomba cha urefu wa kiganja na vidole.

Kwa muuza vyuma chakavu nikapata gia kuukuu ya gari, nzito, yenye tundu katikati. Kama elfu tatu hivi. Nondo ya milimita 12 nilikuwa nayo kutoka kwenye ujenzi, urefu kama wa mkono wangu. Fundi wa kuchomelea, yule yule wa grenda, alinikunjia ncha moja kuwa ndoano, nikapitisha gia, akachomelea washa pana na nene ncha ya pili ili gia isitoke. Aliniuliza natengeneza nini, nikamwambia subiri utaona. Kwenye mdomo wa kibomba, upande ambao haujachanika, nikatoboa matundu mawili yanayotazamana, nikapitisha bolti namba 8 kama kizingiti. Ndoano inashika hapo. Usiishike kwenye tundu la bolti ya zamani, bati la pale limechoka na litachanika.

Sailensa nikaifunga kwa mnyororo kwenye shina la mparachichi, imelala, mkia nje. Jiko la mkaa nikalipandisha juu ya matofali mpaka makaa yakagusa bati la mkia, mpwa wangu akawa anapepea kwa sahani. Ilipoanza kutoa moshi wa rangi ya kahawia nikavaa glavu za ngozi, nikatia ndoano, nikairusha gia nyuma. Ti. Tena, ti. Sauti kavu, ya chuma kinachogonga chuma kisichokwenda popote. Kama mara ya nane hivi sauti ikageuka, ikawa nzito: du. Mpwa wangu akaacha kupepea. "Mjomba, kimesogea!" Kilikuwa kimesogea upana wa kidole. Nikamwambia apepee, asiache, maana kikipoa tu tumerudi mwanzo. Du, du, du, na kikatoka kikaanguka kwenye majani kikifuka moshi.

Nilikitazama muda mrefu. Katika matundu yote yaliyokizunguka, yaliyokuwa wazi ni manne tu, na hayo manne yalikuwa yamebaki upana wa kijiti cha kiberiti. Mengine yote yalikuwa masizi meusi yanayong'aa kama makaa ya mawe.

Kukisafisha ilikuwa kazi ndogo: makaani mpaka chekundu, kugonga, brashi ya waya. Mwili wa sailensa niliuoshea kostiki ya watengeneza sabuni. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo, usimwagie maji juu yake, na isiguse aluminiamu hata kidogo, inaila. Vaa kinga ya plastiki ya kufunika macho, si miwani ya jua.

Wapo walioniambia kibomba nikitupe, eti pikipiki itapata nguvu. Kwa injini ya mipigo miwili si kweli. Sailensa yake imepimwa ili mgandamizo wa moshi urudi kidogo na kuzuia petroli mbichi isitoke na moshi. Ukikitoa unapata kelele za kuamsha wagonjwa, na nguvu ya chini, ile ya kupandia mlima, inapungua. Nimekirudisha mahali pake na bolti mpya, shingo yake nimeipaka grisi ya shaba kutoka Korogwe. Tangi la oili nimelimwaga lote, sasa ni 2T tupu.

Jumla haikufika elfu kumi na tano. Jumamosi iliyopita nimepanda kutoka Mombo na gunia moja na nusu la mahindi, gia ya tatu kwenye kona ambazo nilikuwa nazipita kwa ya kwanza. Ile nondo na gia yake nimeitundika ukutani. Yule fundi amekwisha kuja kuiazima mara mbili.