Maji hufunguliwa na Mungu

Tangu Jumamosi neno la Mjomba Khatib halijanitoka. Zuhura kaposwa, barua ya uhamisho wa Baba Salma imetoka, wageni wameingia na kutoka, nami nikimimina chai huku namjibu mjomba moyoni.

Hori letu la hapa Pemba, ule mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, mnalijua. Ilipopita ile barabara ya shamba liliwekwa kalvati moja jembamba, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, likajaa mchanga na makuti, basi upande wa juu maji ya bahari yakawa hayafiki ila kwa bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita kiasi. Na yakifika hayatoki. Jua la kaskazi linayakausha, chumvi inabaki kwenye tope, mikoko ikafa imesimama. Mchu, aina moja ya mkoko, ndio uliojikaza kidogo, maana wenyewe hustahamili chumvi kuliko wenziwe. Miche iliyopandwa pale kila mwaka ilikauka, na ndiyo maana safari hii kamati ikakubaliana tusipande kitu. Tuzibue kalvati, tuchimbe mkondo wa zamani, maji yaingie na yatoke.

Basi Jumamosi maji yamekupwa, tumo topeni hadi magotini, mjomba huyo anapita na dema lake, mtego wa samaki wa kusukwa, begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kisomo chote hicho, mwanangu, ndo unachimba tope? Wenzenu kule wamepanda mikoko, wamepewa fulana, wamepigwa picha. Nyie mna nini cha kuonyesha?"

"Tunafungua maji, mjomba."

"Maji hufunguliwa na Mungu," akasema, akenda zake. Wanawake wenzangu wakainama wakaendelea kuchimba, hapana aliyenitazama.

Utamjibu nini mtu aliyekutajia Mungu? Usiku ndipo jawabu lilipokuja: aliyeyafunga si Mungu, mjomba, ni sisi na barabara yetu. Nimeshalisema jikoni, nimelisema kwenye daladala ya mjini Chake Chake. Tena huyu huyu ndiye anayelalamika kila siku kuwa dema linarudi tupu! Chaa, changu, tasi, kamba, wadogo wao hukulia mle mizizini, ambamo samaki mkubwa hapenyi. Mizizi ikifa watoto watakaa wapi? Upande wetu huu wa magharibi umo ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba tangu 2005, doria zinapita huko nje kwenye matumbawe, na huku ndani samaki hana pa kulelea.

Na hizo fulana. Mche unahesabika, unaandikwa kwenye ripoti. Maji yanayopita hayaandikwi. Lakini mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti wake, ikianguka imeshakuwa mche, na maji ndiyo yanayoichukua na kuipeleka. Yakipata njia, mikoko itajipanda yenyewe, kila mti mahali panapoufaa.

Alhamisi nilishuka peke yangu, maji yanaanza kujaa. Yalikuwa yanapita kalvatini kwa sauti. Ng'ambo ya juu, kwenye kina cha kiganja, vijichaa vimejipanga, vyembamba, vyeupe, vyote vimeelekea maji yanakotoka. Nikasogeza kivuli changu, vikapotea, nikasimama kimya, vikarudi. Nilicheka peke yangu kama mtoto.

Halafu nikaliona dema. Limetegwa chini kidogo ya mdomo wa mkondo wetu, limekandamizwa kwa jiwe, na ule ufito mwekundu aliofungia mjomba naujua tangu utotoni. Damu ikanipanda: tumefungua juzi, leo keshatega! Nikaingia majini nikalipapasa. Vidole vyangu vitatu vikapita kwenye tundu moja bila kugusa pembeni. Ndani mna tasi mmoja, mkubwa wa kitoweo, na kaa. Wadogo walikuwa wanaingia na kutoka watakavyo.

Nikaliacha. Mjomba hategi mahali pasipo na samaki. Nimefurahi mpaka nikaona haya, na bado nataka kamati ikae naye kabla watu wa nyavu za vyandarua, zinazozoa hadi wadogo, hawajaliona lile dema wakaja nyuma yake.

Jana natafuta sindano kwenye mkoba wa mama, nikakuta pakti ya vidonge vya presha. Ilitakiwa iwe inakaribia kwisha. Karibu yote imo, na kila asubuhi nikimuuliza ananiambia keshameza.