Suti ya Vipande Vitatu

Barua ya mpwa wangu ilinifikia Kariakoo imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la hesabu. "Shikamoo Mjomba. Desemba naingia jandoni. Nikitoka nataka suti yenye kizibao." Hakuomba kingine. Alikuwa na miaka tisa, na mwaka uliotangulia alimwona mtoto wa jirani akitoka likumbini, yaani kambi ya jando, na suti, watu wakimtunza mpaka noti zinadondoka.

Asiyetoka kwetu anaweza kuliona ni ombi dogo. Kwa sisi Wamakonde, mjomba ana sehemu kubwa kwa mtoto wa dada yake. Siku wali, yaani watoto walioingia jandoni, wanapotoka, nguo alizovaa mpwa ndizo zinazosema mjomba wake ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa machinga, natembeza mashati ya mtumba begani tangu asubuhi hadi giza. Nilidunduliza miezi mitatu. Nikapata suti ya rangi ya krimu, koti, kizibao na suruali, mtumba lakini kama mpya. Nikaongeza miwani ya jua na mwavuli mdogo mwekundu.

Ilikuwa mwanzo wa Januari 2003. Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa. Lilifunguliwa Agosti mwaka huohuo. Rufiji tukavuka kwa kivuko pale Ndundu, na mbele yake, kuelekea Somanga, ni tope tupu. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Tulilala njiani siku mbili, tukishuka kusukuma basi, tukipanda, tukishuka tena. Begi sikuliweka kwenye buti, nililipakata. Nilipofika Tandahimba suruali yangu ilikuwa ngumu kwa tope lililokauka, lakini suti haikuwa na hata tone.

Wali walikuwa bado ndani. Mambo ya likumbi hayaandikwi, nami siyaandiki. Nguo nilimkabidhi mtu mzima aliyekuwa akiwaangalia watoto, akazipeleka.

Siku ya kutoka, vigelegele vilianza kabla jua halijapanda. Wali saba wakaja kwa mstari, wamenyolewa, vichwa vinang'aa mafuta, macho chini kama walivyofundishwa. Nikatafuta suti. Nililoliona kwanza ni koti. Lilikuwa mwilini mwa mtoto mdogo kuliko wote, mikono yake imemfika magotini. Nyuma yake alikuja kaka yake, amevaa suruali ya krimu iliyokazwa kiunoni kwa kamba ya mkonge, na miwani ya jua usoni. Hao wawili ni mayatima, wakilelewa na bibi yao nyumba ya pili kutoka kwa dada yangu. Mpwa wangu alikuwa wa mwisho. Kaptula yake ya shule iliyopauka, na kizibao juu ya kifua kitupu. Mwavuli alikuwa ameushika yeye, ameunyoosha mbele ili uwafunike wenzake.

Nilijiona nimevuliwa nguo mbele ya ukoo mzima. Nilikasirika, tena sana. Nilikumbuka jua la Kariakoo, nilikumbuka lile tope. Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, penye tangi la maji ya mvua. Dada akatufuata mbio.

"Kaka, usimpige. Leo ni siku yake."

"Nguo nilizokuletea ziko wapi?" nikamuuliza mtoto.

Hakuinua macho. "Mjomba, huyu mdogo usiku alikuwa analia. Anauliza wao watatoka na nini. Nikivaa mimi peke yangu, watu watawatazama wao."

"Si ungewapa miwani?"

Akafikiri kidogo. "Miwani si nguo, Mjomba."

Nilikuwa bado nimemshika mkono. Nikauachia. Dada alikuwa ameshika ukingo wa tangi, anajifuta machozi kwa khanga, na mimi sikuwa na neno. Mtoto huyu alikuwa ameota suti ile tangu mwaka uliopita. Alikuwa ameipata mkononi, nzima, na hakuna mtu aliyemwambia aigawe. Nimekaa na watu wazima wengi, wenye mali na wasio nayo, na sijaona tena utoaji wa namna ile.

Mchana wote ulikuwa ngoma na tunza. Ndugu zetu walitandika khanga, wakaweka hela kwenye sahani za bati, kila mwali na yake. Jioni niliwakuta watatu wao kwenye mkeka. Sahani ya mpwa wangu ilikuwa na noti. Za wale wawili zilikuwa na sarafu tu. Akaishika ya kwake muda, akiiangalia, kisha akaimwaga katikati pamoja na zao. Zilikuwa shilingi 4,700. Akahesabu 1,550 mara tatu, akazipanga mafungu, na ile hamsini iliyobaki akampelekea bibi.

Bibi yule alikuwa na hofu ya shule kufunguliwa. Ada ya shule za msingi ilishafutwa tangu 2001, lakini sare na madaftari yalikuwa bado juu ya mlezi, na mwaka ule alishamwambia dada kwamba huenda wajukuu wakakaa nyumbani. Alikuja mlangoni usiku na kuku mmoja, kamshika miguu. "Huyu wa mjomba," akasema. Nilitaka kumrudishia, dada akanikanyaga mguu. Nikampokea kwa mikono miwili.

Kesho yake nilimchukua yule mdogo hadi kwa fundi cherehani, barazani. Alikuwa amelala na koti lile na hakukubali kulivua, ikabidi fundi ampime akiwa amelivaa. Fundi akashika mkasi, akauliza akate wapi.

"Usikate," nikamwambia. "Kunja kwa ndani. Mtoto atakua."