Jeep yangu ilikuwa na difu mbili zisizoelewana

Muuzaji aliniambia ni Willys MB halisi ya vita, nami nikaamini sura: grili ya bati yenye matundu tisa, taa zimezama ndani, rangi ya kijani mpaka kwenye nati. Jeep ya kiraia, CJ-2A ya 1945, ina matundu saba na taa kubwa zilizotokeza nje, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Ilipovuta kwa nyuma peke yake ilikwenda vizuri. Nikiingiza gia ya mbele, ili magurudumu yote manne yavute, kwenye tope bado sawa. Ila nikikanyaga ardhi kavu tu, gari linakaza kama limeshikwa breki, na kijiti hakitoki mpaka nirudi nyuma kidogo. Fundi akalaumu transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Tukaifungua, tukakuta gia safi kabisa. Siku mbili zimepotea.

Kilichonizindua ni habu. Katikati ya magurudumu ya mbele kulikuwa na bolti sita zilizopangwa mduara. Nyuma, nati moja kubwa yenye pini. MB huwa na bolti sita mbele na nyuma. Nati moja ni ya ekseli iliyofungwa kwenye CJ-2A nyingi.

Nikapiga jeki gurudumu moja la nyuma, la pili likabaki chini limezibwa kwa mawe, gia huru. Nikachora chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kisha nikazungusha tairi raundi mbili kamili taratibu, mwenzangu akihesabu shafti. Tano na zaidi kidogo ya theluthi. Tukahamia mbele: haikufika tano. Kwa kuwa gurudumu la pili limezuiwa, raundi mbili za hilo moja ni sawa na raundi moja ya yote mawili, na hesabu ya shafti ndiyo uwiano wa difu. Yaani nyuma 5.38, ya shambani, ya kuvuta plau, mbele 4.88, ya jeshi. Kwenye tope tairi zinateleza, tofauti inamezwa. Kwenye ukavu haina pa kwenda. Baadaye tulipofungua difu, nilihesabu meno mwenyewe kwa kidole chenye grisi: krauni, gia kubwa ya difu, ya nyuma 43, ya mbele 39; pinioni, gia ndogo inayoizungusha, zote mbili 8.

Ningeweza kubadilisha krauni na pinioni ya mbele, na kwa mtu wa mizigo ningemshauri hivyo. Mimi nilitaka gari la jeshi, nikasubiri miezi kadhaa hadi nikapata ekseli nzima ya nyuma ya 4.88. Sasa gia ya mbele inaingia na kutoka kwa vidole viwili.

Siku ya kufunga ekseli hiyo, nikiwa nimelala chini ya gari, nikaisugua chesisi kwa brashi ya waya. Kiungo cha mbele kinachounganisha reli mbili hakikuwa bomba la mviringo kama la Willys, kilikuwa bati lililokunjwa kama U iliyopinduliwa. Nikasugua kichwa cha bolti iliyokuwa karibu. Herufi F. Kumbe muda wote huo nilikuwa nahangaikia Ford GPW, jeep ileile ya vita iliyoundwa na Ford.