Futi ya Mzee wa Kariakoo

Jana usiku mpwa wangu kaniandikia kutoka Dodoma: "Shangazi, maji na umeme vinakaaje ndani ya kasha moja? Si vitaniunguzia mashine?" Anaunda kompyuta yake ya kwanza, na kuna mtu kamshawishi aweke kipozaji cha maji kwenye prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta. Nikaanza kumjibu kwa ufupi, na kabla sijamaliza mawazo yalishanirudisha Kariakoo, Februari 2022, mbele ya kaunta ya mzee mmoja muuza vifaa vya kompyuta.

Wakati ule nilikuwa na kazi ya kuichora hoteli ya Paje, Zanzibar, kwa kompyuta. Mteja alitaka video ya jengo, kama vile mtu anatembea ndani yake, na kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya video, Blender, programu ya kuchorea, iliikamua prosesa mpaka tone la mwisho. Nilikuwa nimeshapata Ryzen 9 5900X, viini 12, lakini AMD huiuza bila kipozaji ndani ya boksi, na hela yote ilikuwa imeishia kwenye prosesa yenyewe. Kwa muda nikaishikiza na feni ndogo iliyokuja na Ryzen 5 3600 yangu ya zamani. Feni ile ilitengenezwa kwa prosesa ya wati 65. Hii mpya ikiachiwa inavuta hadi 142. Ikafika nyuzi 90, ndio ukomo wake, ikawa inajipunguzia kasi ili isiungue. Chumba changu cha Mwananyamala, na joto lile la kaskazi, kikawa hakikaliki. Malipo ya awali yalipoingia, nikalifunga kasha kwa kanga, nikalipakia kwenye bajaji.

Moyo wangu ulikuwa kwenye kipozaji kikubwa cha hewa, feni yenye minara miwili ya metali, aina ya Noctua NH-D15. Maji nilikuwa nayaogopa. Mashine ile ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba, na picha ya tone moja likidondokea kadi ya grafiki ilikuwa haiishi kichwani.

Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakushusha boksi lolote rafuni. Alifungua kanga, akalilaza kasha ubavu, akavuta droo na kutoa futi. Aliweka ncha yake juu ya prosesa, akainyoosha hadi usawa wa kioo cha pembeni, akainama kusoma, akasoma tena.

"Mia na sitini," akasema. "Hiyo unayoitaka ina kimo cha milimita 165. Kioo hakifungi, mwanangu."

Milimita tano. Niliangalia video nyingi mno kabla ya siku ile, za vipimo vya joto na kelele na taa, na sikumbuki hata moja iliyoanza kwa kupima kasha.

Kisha akapima juu, kutoka darini mwa kasha hadi zilipoanzia ramu, vile vibao vya kumbukumbu. Milimita 55. Akageuza risiti ya zamani akaandika nyuma yake unene wa kipozaji cha maji: rejeta, pale maji yanapopozwa, 27, feni 25, jumla 52. Akachora mstari chini. "Hii inaingia, na tatu zinabaki." Kulikuwa na kipozaji kingine nilichokitaja, chenye rejeta nene ya milimita 38. Akajumlisha, 63, akatikisa kichwa: hiyo ingegongana na ramu. Ya feni tatu, ya milimita 360, ingekaa mbele tu, nayo ingesukumana na kadi yangu ya grafiki iliyo ndefu.

Hapo akaniuliza swali ambalo hadi leo naona ndilo lililoamua kila kitu. "Unarenda, yaani michoro unaigeuza kuwa picha kamili, kwa kadi au kwa prosesa?"

Nikamwambia ni kwa prosesa, kwa sababu minazi na majani ya eneo zima la hoteli hayakuenea kwenye kumbukumbu ya kadi. Akaridhika. Kadi ikifanya kazi, akaeleza, joto lake hupanda na kupita kwenye rejeta iliyo juu, na maji yanapashwa kabla hayajaenda kuipoza prosesa. Kadi yangu ilikuwa imelala, kwa hiyo rejeta ikae juu. Tena juu ni pazuri kwa sababu ndani ya kipozaji huwa kuna hewa kidogo, nayo hupanda. Pampu inayozungusha maji ikiwa juu kuliko rejeta, inameza hewa hiyo, inaanza kukwaruza na haidumu.

Ndipo akashusha boksi la kipozaji chenye rejeta ya milimita 240 na kuniwekea kitu chenyewe mikononi. "Shika." Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Sahani ya shaba iling'aa, mipira imefumwa nailoni nyeusi, na nilipokiinamisha nikasikia maji yakisogea kwa ndani, kidogo tu. Ni kama rejeta ya daladala, akasema, ila hii imefungwa kiwandani: maji na glaikoli, huyafungui wala huyaongezi. Miaka inavyokwenda yanapungua polepole sana kupitia mipira.

"Na umeme ukikatika?"

"Ukikatika, prosesa nayo inazimika, joto litatoka wapi? Cha kuangalia ni pampu kufa umeme upo. Hapo prosesa itapunguza kasi, ikizidiwa itajizima. Sikwambii havivuji. Nakwambia nimefunga vingi." Akanyamaza kidogo. "Mashine hii utakaa nayo mpaka lini?"

Nilikosa jibu. Nikalipa laki tatu na ushee, akakifunga palepale, nikarudi nyumbani.

Usiku ule fremu zilitoka bila kusita. Mwanzoni prosesa ilikaa nyuzi 68, kwa kuwa maji huchukua muda kushika joto, kisha ikapanda hadi 76 na kutulia hapo mpaka asubuhi. Kazi ya Paje ilifika kwa wakati. Chumba lakini kilibaki moto vilevile, labda kuzidi, maana prosesa iliyoacha kujibana sasa ilikuwa inavuta wati zake zote, na zote ziliishia hewani humo nilimolala. Maji hayafuti joto, yanalihamisha. Wala hayawezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi mbili, na yenyewe inapanda mbili.

Mpwa nimemwandikia kwamba uvujaji usimtangulie mawazoni. Atafute futi kwanza, halafu anieleze ni kazi gani hasa mashine yake itafanya usiku kucha.

Mimi mwenyewe dhamana ya miaka 5 inaisha mwakani. Pampu bado inazunguka vizuri, na naisikiliza zaidi kuliko zamani. Feni ya hewa ikifa unabadilisha feni, chuma chake kinabaki. Pampu ikifa, unatupa vyote. Kuna vipozaji vya hewa vya kimo cha milimita 158 au 159 ambavyo kasha langu lingevipokea, na kuna kipozaji kingine cha maji cha 240. Nimeviangalia vyote viwili wiki hii na sijaamua.