Oktoba Katuba, saa saba mchana

Miaka 13 nilikuwa Johannesburg. Nimerudi Oktoba kwa basi, nikavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, nikaoga, na jambo la kwanza likawa kumfuata yaya, kaka yangu mkubwa, kazini. Yaya ni mwashi. Ninyi mliokulia Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, mnamjua mwashi wa zamani: anatoka nyumbani jua limeshachomoza, chai na mkate tumboni, saa sita mama wa bukari (ugali) anapita na sufuria, halafu kazi mpaka saa kumi. Niliingia shantie, pale wanapojenga, saa saba na soda mbili mkononi. Hapakuwa na mtu. Mwiko ulikuwa umechomekwa kwenye rundo la mchanga, ukuta umefika kiunoni, kimya. Nikadhani wamegoma.

Walikuwa nyuma, wanaume sita, wamelala chali chini ya turubai, wamejifunika nyuso kwa mashati yaliyochovywa majini. Yaya alifungua jicho moja: "Leki, mdogo wangu, hii si saa ya watu. Rudi saa kumi."

Siku zinapita na bado picha ile hainitoki. Wanaanza saa kumi na moja alfajiri, tochi kichwani. Saa tano, jua likiwa kali, wanaweka mwiko chini. Saa kumi wanarudi, wanapiga mpaka giza. Hakuna bosi aliyewapangia. Mwenzao mmoja alipata kizunguzungu juu ya jukwaa akaanguka, akavunjika mkono, basi wakaamua wenyewe. Tena simenti haitaki jua hilo: plasta ikikauka haraka kabla haijashika, inapasuka, na mwenye nyumba anamkata fundi malipo.

Kinachoniuma ni malipo. Siku imekatwa vipande viwili, mtu anatoka kwake usiku na kurudi usiku, na faranga ni zile zile za siku moja.

Najua mtasema Oktoba ya Lubumbashi ilikuwa kali tangu zamani. Ni kweli, lakini tulikuwa na mahali pa kukimbilia. Kwenye avenyu yetu kila kiwanja kilikuwa na mwembe, na manseba (mjomba), mwashi, mwanafunzi, wote walipumzika pale bila kuombana ruhusa. Nimehesabu: imebaki miwili. Mingine imekatwa kupisha nyumba za kupangisha, na matawi yakaishia kwenye mbabula, jiko la makaa. Msitu wa miombo nao umerudi nyuma sana. Zamani makala (makaa) yalikuja kwa baiskeli, mtu anasukuma magunia kutoka upande wa Kipushi. Sasa mengi yanashuka kwenye malori kutoka mbali. Umeme ukikatika, hata mwenye jiko la umeme anatafuta makala, kwa hiyo msitu unazidi kuliwa.

Mama wa bukari hapiti tena saa sita. Unga wetu mwingi hutoka Zambia, na ukame wa 2024 uliharibu huko karibu hekta milioni moja za mahindi. Bei ilipopanda, yaya na wenzake waliacha bukari ya mchana, wakashika mihogo mibichi na karanga. Bukari ni ya usiku, nyumbani. Shemeji yangu anauza lengalenga (mchicha) katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Anazifunika kwa gunia analolinyunyizia maji kila mara, na wateja wake wengi sasa wanakuja jioni, kwa taa ya sola.

Sasa nawaambia ninyi mnaojenga kwa simu kutoka Afrika Kusini na Ubelgiji. Acheni kudai video saa sita mchana eti ndipo picha inaonekana vizuri. Mimi nilidai, miaka miwili nzima, na yaya alikuwa anaamka pale chini, anapanda jukwaa, ananionyesha ukuta wangu. Hakuniambia hata siku moja. Mlipeni fundi siku mbili zile alizozifanya moja. Inueni paa, wekeni dari na baraza pana. Na kabla ya uzio, pandeni mwembe upande wa barabara, si ndani.

Jana niliamka saa tatu usiku nikasikia maji. Yaya alikuwa kwenye kiwanja changu, ndoo mkononi, akiumwagilia ukuta mpya taratibu, safu kwa safu, huku akiupapasa kwa kiganja kuona kama bado una moto. Nilichukua ndoo ya pili.