Kutii Kabla ya Kutoa

Mwezi uliopita nilikataa kuandika risiti ya magunia 40 ya mchele ilhali mteja, mnunuzi wa taasisi moja nisiyopenda kuitaja, alikuwa amechukua magunia 30 tu. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nikubali, kisha fungu la kumi la faida hiyo nilipeleke kwenye ujenzi wa kanisa. Hoja hiyo ni ya zamani: mfalme Sauli wa kwenye Biblia naye aliagizwa na Mungu aangamize kila kitu cha Waamaleki, maadui wa Israeli, lakini aliwaacha hai kondoo na ng'ombe wao wazuri, akajitetea kwamba wamehifadhiwa ili wachinjwe kuwa dhabihu kwa Bwana, na nabii Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Kwangu mimi sadaka ni nyepesi kuliko utii, kwa kuwa kiasi cha sadaka nakipanga mwenyewe (na mara nyingine napigiwa makofi), ilhali utii haunipi nafasi ya kupatana bei. Oda ile imekwenda kwa mfanyabiashara mwingine. Ada ya mtoto nailipa kidogo kidogo, na mchele uliobaki nauza kwa kilo hapa dukani.