Kutoka gramu 51 hadi 59: nilivyokuza mayai ya kuku arobaini wa uani

Kabla ya kugusa chakula nilinunua mizani ya jikoni ya dijitali, ile inayosoma gramu moja moja. Macho hayafai kwa kazi hii, kwa sababu ukishazoea mayai ya banda lako unayaona ya kawaida. Kila Jumatatu napanga mayai 30 ya siku hiyo kwenye trei, napima, natoa uzito wa trei tupu, kisha nagawanya kwa 30.

Kuku ni arobaini, wa kisasa wa mayai, wa kahawia, na banda liko uani hapa Morogoro. Walipofika wiki ya 30 walikuwa wanataga mayai 33 hadi 35 kwa siku, hesabu ambayo haina lawama. Uzito ndio uliokuwa na kasoro: wastani gramu 51, wakati kuku wa aina hiyo kwa umri huo anatakiwa awe karibu na gramu 60. Kwenye trei moja pengo hilo linakaribia gramu 270, na muuza chipsi mayai analiona kabla hujamtajia bei.

Kilichofuata ni kupima kuku wenyewe. Usiku wakiwa kwenye vichanja hawasumbui: unamtumbukiza kuku kwenye ndoo iliyoning'inizwa kwenye mizani ya ndoana, unasoma, unamrudisha. Kumi walitoa wastani wa kilo 1.6, na wengi mfupa wa kidari ulikuwa umechomoza kama kisu ukiupapasa. Kwa wiki 30 walitakiwa wawe kilo 1.8 na kuendelea. Kosa lilikuwa langu na lilifanyika kabla ya yai la kwanza. Tangu wiki ya tisa nilikuwa nachanganya chakula cha kukuzia na pumba nusu kwa nusu ili gunia lichelewe kuisha. Mitemba, yaani kuku majike wachanga, ikaanza kutaga ikiwa na kilo 1.25. Kuku anayeanza kutaga akiwa mdogo wa mwili hutoa kiini kidogo, na yai hufuata ukubwa wa kiini. Sehemu ya upungufu huo hairudi tena maisha yake yote.

Kwa hiyo kundi lililofuata nililipima kila wiki kuanzia wiki ya 6, kuku kumi waliokamatwa bila kuchagua. Lengo ni kilo 1.4 hadi 1.5 wiki ya 18. Wakiwa chini ya hapo wanaendelea na chakula cha kukuzia chenye protini ya asilimia 16 hadi 17, na taa haiwashwi. Mwanga wa ziada ndio unaowasukuma kutaga. Ukiuwasha mapema unapata mayai mapema, lakini madogo. Wakishafikisha uzito naongeza nusu saa kila wiki, upande wa alfajiri, mpaka jumla ifike saa 15. Ukishaongeza usipunguze. Umeme ukikatika siku tatu mfululizo, utagaji unashuka.

Nirudi kwa wale wa gramu 51, maana hao walikuwa tayari wanataga na ilibidi wasaidiwe hivyohivyo. Jambo lililonifumbua macho lilikuwa ndani ya chombo cha chakula saa kumi jioni. Asubuhi nilikuwa najaza mpaka juu. Jioni chenga zote za mahindi zilikuwa zimedonolewa, na chini ilibaki tabaka ya vumbi la rangi ya majivu, nene kama kidole. Vumbi hilo ndilo lenye primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), methionini (kijenzi cha protini), chokaa laini na unga wa dagaa. Asubuhi yake nilikuwa nalifunika kwa chakula kipya. Kuku walikuwa wanakula wanga wakaacha protini, na mimi nikiandika daftarini kwamba kila mmoja amekula gramu 115.

Dawa yake haikugharimu chochote. Naweka kilo 4.6 kwa siku kwa kuku 40, asilimia 40 saa kumi na mbili asubuhi na iliyobaki saa kumi jioni. Chombo kinajazwa theluthi tu. Kati ya saa saba na saa tisa mchana kinatakiwa kiwe kitupu, vumbi lote limelambwa. Likikaidi, nalinyunyizia maji kidogo lishikane, na wanalimaliza. Ila chakula kilicholowa hakilali, kinachacha. Mahindi nayo nayaparaza kwa chekeche ndogo zaidi ili chenga zisipishane sana na unga. Kila kuku apate sentimita 10 hadi 12 za ukingo wa chombo, la sivyo wababe wanakula kwanza na wanyonge wanabaki na mabaki.

Mchanganyiko wenyewe kwa kilo 100: mahindi yaliyoparazwa 49, pumba za mahindi 9, mashudu ya alizeti 14, soya iliyokaangwa na kusagwa 11, dagaa 7, chokaa ya mifugo 8, unga wa mifupa 1.25, chumvi gramu 300, primiksi ya kuku wa mayai gramu 300, methionini gramu 100, laisini (kijenzi kingine cha protini) gramu 50. Unatoa protini ya asilimia 16.5 hivi na kalsiamu ya asilimia 3.6 hivi. Primiksi hutofautiana, kwa hiyo soma kipimo cha mfuko wako na upunguze au uongeze pumba kufidia. Kuku 40 wanazimaliza kilo hizo kwa siku 21 au 22, na sipendi chakula kilichochanganywa kikae zaidi ya hapo.

Methionini ndiyo inayogusa ukubwa wa yai moja kwa moja kuliko protini kwa jumla. Unaweza kuwa na protini ya asilimia 18 iliyotoka kwenye soya tupu na mayai yakabaki madogo. Alizeti na dagaa wana methionini nyingi. Soya inaleta laisini ambayo alizeti haina ya kutosha. Mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta, na asidi ya linoleiki iliyomo kwenye mafuta hayo husaidia kiini kukua. Yanuse kwanza. Yakiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, yaache hukohuko dukani. Soya mbichi usiitumie kabisa, ina kizuizi kinachomnyima kuku kumeng'enya protini. Kaanga mpaka ganda lipasuke na harufu ya ubichi iishe.

Kwenye dagaa ndiko pesa nyingi hupotelea. Wa kulisha mifugo mara nyingi wameanikwa chini, na mchanga unauzwa kwa bei ya samaki. Chukua konzi moja, saga, mimina kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Unga wa dagaa huelea au hushuka polepole, mchanga unalala chini papo hapo kama kwenye mtungi. Tabaka ikionekana wazi, kilo 7 zako huenda ni kilo 5, na hesabu yote ya protini imeharibika. Waonje pia: wakiwa wametiwa chumvi, punguza chumvi ya mchanganyiko, vinginevyo kinyesi kitakuwa maji matupu.

Vitu vya gramu havitupwi juu ya rundo. Primiksi, methionini, laisini na chumvi nazichanganya kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, halafu kilo tano, halafu ishirini, ndipo rundo zima, likigeuzwa kwa koleo mara nne. Na chokaa iwe ya mifugo. Ile ya kupakia ukuta huunguza.

Chokaa yenyewe nimeigawa. Kilo 5 zinaingia laini, kilo 3 ni chenga za ukubwa wa punje ya mtama, ambazo nazimwaga kwenye mlo wa jioni. Ganda hujengwa zaidi usiku, na chenga zinakaa kwenye firigisi zikitoa kalsiamu polepole mpaka alfajiri. Yai linapokua ganda linatandazwa eneo kubwa zaidi. Bila hivi unapata mayai makubwa yanayopasuka kwenye trei.

Maji watu huyasahau, ilhali karibu theluthi mbili ya yai ni maji. Hapa Morogoro kuanzia Novemba joto la mchana linapita nyuzi 30, kuku anakula kidogo, na yai linapungua ndani ya siku chache. Kuku hunywa mara mbili ya uzito wa chakula chake, na zaidi kwenye joto, ila maji yaliyopigwa na jua anayasusa. Vyombo vyangu viko kivulini upande wa mashariki wa mti, nabadilisha maji saa tano na tena saa nane, na mchana nayachota kwenye mtungi wa udongo. Mlo mkubwa ni wa jioni kwa sababu hiyohiyo.

Kitu kimoja nilikipiga marufuku: makombo ya ugali na mahindi mazima ya kurushia. Viganja viwili kwa kundi zima, kwa ajili ya kuwaita bandani, basi. Zaidi ya hapo unawashibisha wanga na kila gramu uliyopima kwenye mchanganyiko inazimuliwa. Mahindi yenye ukungu ni marufuku zaidi, sumukuvu hupunguza yai na kumuumiza kuku ini.

Wiki mbili za kwanza mizani haikusogea sana, jambo ambalo huwafanya wengi wakate tamaa na kurudi dukani kutafuta vitamini za maji. Kiini huchukua takriban siku kumi kukua kabla hakijaachiliwa, kwa hiyo yai la leo limeanzia kwenye chakula cha wiki iliyopita. Wiki ya tatu wastani ulikuwa 54, wiki ya sita 57, wiki ya kumi 59. Gramu mbili hivi kati ya hizo zingekuja zenyewe kwa umri, sijidanganyi.

Chakula hakitibu kila yai dogo. Maganda yakiwa na mikunjo na ute ukitiririka kama maji, fikiria bronkaitisi ya kuku au kideri na umwite daktari wa mifugo. Minyoo natoa dawa kila miezi mitatu, na utitiri nautafuta usiku kwa tochi chini ya vichanja. Kuku wa kienyeji wa yai la gramu 40 hatafika 60 hata umlishe dagaa watupu.

Baada ya wiki ya 55 nafanya kinyume: methionini inashuka hadi gramu 50 na chenga za chokaa zinaongezeka kilo moja, pumba zikipungua kiasi hicho. Mayai yakipita gramu 66 ganda huwa jepesi, na kuku wanene huanza kutokwa na kizazi wakati wa kutaga. Aliyetokwa namtenga siku hiyohiyo, maana wenzake wakiona wekundu wanamdonoa mpaka afe.